Dresa Aliyeuguza Uso Wangu

Kitu cha kwanza Dresa alichonifanyia ni kuninyang'anya kioo. Nilikuwa nimekificha kwenye mkunjo wa khanga, kioo kidogo cha duara, na tangu tutoke nyumbani kwetu, mtaa wa Bondeni mjini, nilikuwa nimekichungulia si chini ya mara kumi, nikitumaini kwamba safari hii nitamwona humo mtu ninayemfahamu. Hakunisalimia. Alinyoosha mkono, akangoja mpaka nikampa, akakitia kwenye mfuko wa shati lake, kisha akamgeukia mama yangu na kuitikia salamu zake taratibu, moja baada ya nyingine, kama vile mbele yake hakukuwa na msichana mwenye uso uliovimba mpaka jicho limefunga. Kioo kile nilirudishiwa baada ya wiki saba.

Dresa ni yule mtu wa hospitali anayeosha vidonda na kuvifunga. Si daktari wala si muuguzi. Ni mtu wa beseni, pamba na bandeji. Mzee huyu alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka mingi katika kambi ya wagonjwa wa ukoma huko milimani, mpaka wagonjwa walipopungua na kambi ikafungwa. Ndipo akashuka kwenye joto letu la Kyela, akapata shamba Ipyana, mpunga upande wa bondeni na kakao karibu na nyumba. Wanyakyusa wa pale walimpokea ingawa hakuwa Mnyakyusa. Alikisema Kinyakyusa vizuri kwa lafudhi ambayo hawakuitambua, na kama kuna aliyemuuliza ametokea wapi, hakujibiwa. Jina lake nilikuja kulijua, lakini sitaliandika, kwa sababu sikuwahi kumsikia mtu akimwita kwa jina hilo. Wote walisema Dresa, hata mchungaji wao, hata watoto waliompelekea magoti yaliyochubuka.

Nieleze jinsi nilivyofika kwake.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Duka la baba yangu, ambalo utotoni mwangu lilikuwa na chumvi, viberiti, na rafu tupu zilizofutwa vumbi kila asubuhi, lilikuwa limejaa. Bidhaa zilivuka mpaka kutoka Malawi na Zambia: vitenge, redio, sabuni za harufu, na krimu za kila aina zenye picha za wanawake weupe wakicheka. Baba, ambaye babu yake alikuja na biashara kutoka Kilwa, alisema hajawahi kuona wateja wanaojua wanachotaka namna ile. Mitaa miwili kutoka kwetu ikafunguliwa saluni yenye draya, na mwenye saluni alikuwa mwanamke mchangamfu aliyekaa Lusaka miaka kadhaa, aliyeweza kumtia kalikiti mtu wa nywele za aina yoyote akatoka anameremeta. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na makovu ya chunusi mashavuni, na nilikuwa nimeposwa.

Mwenye saluni aliniambia kwamba huko alikotoka makovu kama yangu yanaondolewa kwa siku moja. Akafungua droo, akatoa kijigurudumu chenye mpini, kimezungukwa na sindano fupi kama mgongo wa nungunungu. Alinieleza kwamba sindano zinatoboa ngozi matundu madogomadogo, ngozi inashtuka, inajijenga upya. Hilo, nimekuja kujua, si uongo. Siku hizi watu wanafanyiwa mijini na madaktari wenye glavu. Yeye hakuwa na glavu wala spiriti. Alikifuta kwa kitambaa kilekile alichofutia vitana, akanipitishia usoni huku na huko mpaka damu ikatoka vitone vitone. Kisha, kwa kuwa matundu yalikuwa wazi, akanipaka krimu ya kung'arisha ili, kama alivyosema mwenyewe, dawa ipate njia. Niliuma pindo la khanga nisipige kelele.

Kesho yake asubuhi mama alipofungua pazia la chumbani kwangu, alisimama mlangoni na kuniuliza, "Wewe nani?" Hakuwa akitania. Nilimjibu jina langu, na ilibidi nilirudie.

Hospitali walinipa vidonge na kuniambia nivimalize. Muuguzi mmoja alitufuata nje akamwambia mama kwamba vidonge vitafanya kazi yake, lakini uso wa namna ile unataka mtu wa kukaa nao kila siku, na mtu huyo yuko Ipyana.

Kazi ya Dresa haikuwa na siri yoyote, na hilo lilimsumbua mama yangu, aliyekuwa ametegemea mizizi, au dua, au walau kitu chenye harufu kali. Alikuwa na benchi moja. Asubuhi liliwekwa upande huu wa nyumba, mchana akalihamisha, alasiri akalihamisha tena, na mgonjwa alihama nalo, ili jua lisiguse kidonda. Maji aliyachemsha, akayatia chumvi kidogo, akayafunika yapoe. Aliponawa alinawa mpaka kwenye viwiko. Kabla ya kunigusa aliniambia nitie mkono wangu kwenye beseni, nimwambie kama maji ni ya moto. Nilidhani ni heshima. Kisha aliloweka kitambaa, akakiweka usoni kwangu bila kusugua, akakiacha, akakitoa, akakiweka tena. Krimu ya mwenye saluni ilitoka kidogo kidogo kwa siku mbili nzima. Baada ya hapo alinipaka mafuta ya mgando, yale yasiyo na harufu wala rangi, safu nyembamba kabisa.

Masharti yake aliyasema kwa ukali, akimwangalia mama kana kwamba ndiye aliyetobolewa. Nisipakwe kitu kingine chochote. Sabuni isifike usoni. Nisikae jikoni, mvuke wa wali ungenirudisha nyuma. Nisitoke bila mwavuli, hata mawingu yakitanda. Foronya ibadilishwe kila siku na ianikwe juani upande wa ndani nje. Mikono yangu iwe mbali na uso, na ngozi ikianza kubanduka, nisiibandue. Alisema ngozi iliyotobolewa ni mlango uliovunjwa, na kwamba kwa wiki kadhaa kazi yangu ilikuwa kulinda mlango tu. Mama alimuuliza ni lini nitakuwa mzuri tena. Akajibu kwamba yeye hajui uzuri, anajua kukauka.

Siku ya tatu aliniuliza ni kitu gani hasa kilichonitoboa. Nilimweleza. Akauliza kama sindano zile zilikuwa mpya. Nilisema sijui. Akauliza kama niliona zikichemshwa. Nikasema zilifutwa. Aliweka kitambaa chini. Mama naye akaelewa, nikamwona akishika ukingo wa benchi kwa mikono miwili. Miaka ile ugonjwa ule ulikuwa umeingia kila mtaa, watu waliutaja kwa kushusha sauti, na nyumba ya tatu kutoka kwetu walikuwa wamezika mara mbili katika mwaka mmoja. Mimi mwenyewe nilielewa mwisho kabisa. Nakumbuka nilihisi baridi, kwenye joto lile la Kyela, baridi iliyoanzia miguuni.

Dresa alichukua baiskeli, akanipakia nyuma na mwavuli wangu, tukaenda mjini. Aliingia saluni, akakaa kwenye kiti cha wateja na buti zake za shambani, akaomba aonyeshwe kifaa. Mwenye saluni alikuwa hajaniona vizuri, nilisimama nyuma ya mlango. Alikitoa kwa fahari, akampa.

"Wangapi umewapitishia?" Dresa aliuliza.

"Wengi, mzee. Wanakuja wenyewe."

"Umekichemsha mara ngapi?"

Mwenye saluni alikitazama kile kitambaa cha vitana. Dresa akamrudishia kile kigurudumu mkononi.

"Basi jipitishie wewe. Hapa, mbele yetu."

Ndipo niliposogea, akaniona. Wanawake wawili waliokuwa chini ya draya walitoa vichwa vyao. Mwenye saluni aliinua kigurudumu mpaka karibu na shavu lake, lakini hakikufika. Aliushusha mkono, akakiweka mezani polepole, akalia bila sauti, amesimama vilevile.

Dresa hakumtukana. Alikifunga kifaa kwenye gazeti, akanipa penseli, akamwambia mwanamke ataje kila aliyemfanyia, kwa mpangilio. Niliandika majina kumi na moja. Langu lilikuwa la tisa. Nilipoliandika na kutazama yale manane yaliyonitangulia, penseli ilinitoka.

Aliwafuata wote kwa baiskeli yake. Mume mmoja alimfukuza na fimbo. Mwanamke mmoja, mke wa mtu mkubwa mjini, alisema hajawahi kukanyaga saluni ile, ingawa uso wake ulikuwa umebabuka kama wangu. Dresa alirudi kwake mara tatu, na mara ya tatu alimwachia mafuta ya mgando kizingitini akaondoka. Kila mmoja alimwambia jambo lile lile aliloniambia mimi: kapime Mbeya, lakini ngoja miezi mitatu, kwa sababu mapema damu inaweza kuficha. Kisha alirudi kwangu na kuniambia kwamba miezi mitatu siwezi kuisukuma, na kwamba kwa sasa kazi yetu ni uso.

Jioni ya siku tuliyokwenda saluni baba aliniuliza krimu niliyopakwa ilikuwa ipi. Nilikuwa nimeshaijua tangu nilipoiona mkononi mwa mwenye saluni, ila sikutaka kuwa mimi wa kusema. Nikanyoosha kidole, rafu ya pili. Baba alikuwa ameileta mwenyewe kutoka mpakani. Alishusha makopo moja moja, akayabeba kwenye boksi hadi nyuma ya nyumba, akachimba shimo.

Inanipasa kusema kwamba Dresa alikuwa mwongo. Kila asubuhi alinitazama na kuniambia kwamba leo ni afadhali kuliko jana. Nilimwamini, kwa kuwa hakuwa na mdomo wa kubembeleza mtu. Miaka mingi baadaye mama alinieleza kwamba siku sita za mwanzo uso ulikuwa ukizidi kuharibika, na kwamba yeye alikuwa akienda kulia kwenye mikakao. Ndiyo sababu ya kioo. Mtu huyu aliyewapigia kelele majirani kwa kuchelewa kumletea kikombe cha sukari walichoazima, aliyeweza kumwambia mchungaji mbele ya waumini kwamba mahubiri yalikuwa marefu, mbele ya kidonda alidanganya bila kupepesa jicho.

Na alikuwa mgumu kushukuriwa. Ukimwambia ndaga, asante yao ile ambayo hata sisi Waswahili wa mjini tulikuwa tumeizoea, aliinuka akaenda kugeuza kakao kwenye mkeka. Wagonjwa wake walijifunza kushukuru wakiwa wameshapanda baiskeli, kwa mbali, na yeye akitikisa kichwa kama mtu anayefukuza inzi.

Alipenda sukari kupita kiasi. Alichukia manukato. Hakumpa mtu mkono, alisalimia kwa kuinamisha kichwa tu. Na kila siku kabla ya sisi kuondoka alikaa kwenye kigoda na kuitazama mikono yake, kidole kwa kidole, upande wa juu na upande wa chini, akiigeuza kwenye mwanga. Vidole viwili vya mwisho vya kila mkono vilikuwa vimejikunja na havikunyooka. Mimi nilidhani ile ni namna yake ya kusali.

Wiki ya pili ndipo nilipojua. Sufuria la maji lilikuwa likichemka kwenye mafiga, na vitambaa anavyoshikia vilikuwa vimelowa kwenye kamba. Mama alikuwa akimweleza jambo. Dresa, huku akimsikiliza, aliinama akashika sufuria kwa mikono mitupu, akaliinua, akatembea nalo hatua saba au nane kuja kwenye benchi. Harufu ndiyo iliyotufikia kwanza, harufu ya ngozi inayoungua.

"Mzee," mama akasema, "unaungua."

Dresa alitazama mikono yake kama mtu anayetazama mikono ya mwingine. Aliliweka sufuria chini polepole ili maji yasimwagike, ndipo akaenda kuitia kwenye maji baridi. Aliporudi malengelenge yalikuwa yameshavimba. Akatuambia, kwa sauti ile ile ya kutoa masharti, kwamba hakwenda kambini kufanya kazi. Alikwenda akiwa mgonjwa. Alipopona alibaki kuwaosha wenzake.

Mama yangu si mtu mbaya. Ni mwanamke aliyelelewa kuogopa ukoma kuliko moto. Alinishika mkono, tukaondoka bila kuaga, akanitembeza upesi mpaka Bondeni huku mwavuli ukiwa umefungwa kwapani mwake. Kufika nyumbani alichemsha maji, akachukua kipande cha sabuni ya mche na ndimu mbili, akanisugua uso. Nilimsihi. Alikuwa akilia kuliko mimi, na hakuacha. Alipomaliza, taulo jeupe lilikuwa limebeba ngozi mpya yote ya wiki mbili, nyembamba kama ganda la kitunguu. Tulilitazama wote wawili. Sijawahi kuona mtu akishtushwa hivyo na kazi ya mikono yake mwenyewe.

Asubuhi nilimwambia kwamba narudi Ipyana. Hakunizuia, hakunisindikiza. Nilikwenda kwa miguu chini ya mwavuli, nikimficha kila niliyekutana naye upande ulioharibika zaidi, na ilikuwa vigumu kuuchagua. Dresa alikuwa benchini, mikono yake imefungwa bandeji. Aliusogelea uso wangu, akavuta pumzi.

"Ndimu," alisema.

Nikasema ndiyo. Hakuuliza nani. Alimwita jirani mmoja wa kike aje awe mikono yake, akamwelekeza neno kwa neno, naye akafanya, nami nikaanza upya siku ya kwanza.

Mama alikuja siku ya nne. Alisimama mbali, kwenye mikakao, mwenye adabu zake zote, akaamkia kwa Kinyakyusa ambacho kwa kawaida alijifanya hakijui: "Mugonile." Dresa aliitikia. Kisha akamweleza, bila kuulizwa, kwamba dawa aliimaliza zamani na ugonjwa haumo tena mwilini mwake wala haumwambukizi mtu. Kilichobaki ni kile ulichokwisha kuvunja, mikono isiyojua jeraha mpaka yeye alione kwa macho, na hicho ni chake peke yake. Mama alisikiliza. Akaja akakaa mwisho wa benchi. Baada ya kitambo aliomba maji ya kunywa, na alipoletewa kikombe cha wageni akasema hapana, ninyweshe kwa kile chako.

Siku nyingine, mikono yake ilipopona, nilimuuliza inakuwaje mikono isiyohisi kitu iwe myepesi namna ile. Nilikuwa nimeguswa na mama, na mwenye saluni, na daktari, na hakuna aliyenigusa kama yeye. Akasema mwenye kuhisi hubonyeza mpaka ahisi. "Mimi nakuangalia wewe. Ukikunja jicho, naacha."

Mchumba wangu alikuwa amekuja nyumbani katika siku zile. Alikaa na baba sebuleni, nikaitwa, akanitazama, akanywa chai yake yote, akaaga. Wiki hiyo ujumbe ukaletwa na mjomba wake kwamba wanaomba mambo yasimame kwanza. Mambo yalisimama moja kwa moja. Nilipomsimulia Dresa nikilia, alinipa kitambaa safi na kuniambia machozi niyabonyeze, nisiyafute. Hilo tu. Nilimchukia siku nzima.

Nilimchukia tena wiki ya tano. Mwanamke aliyejifunga mtandio mpaka puani aliingia uani, akaufungua, alikuwa mwenye saluni. Sikuwa nimewahi kumwona bila poda. Uso wake ulikuwa mabaka meusi na mekundu, na kwenye mashavu ngozi imepasuka kama tope la shamba la mpunga wakati wa kiangazi. Alikuwa akijipaka zile krimu tangu Lusaka, na sasa kila alichopaka kilimwunguza na kila alichoacha kupaka kilimtia weusi. Dresa alimwonyesha benchi, pale pale pembeni yangu. Niliinuka.

"Kaa," Dresa aliniambia.

"Sikai na huyu."

"Basi simama. Ila simama kivulini."

Nilisimama asubuhi nzima. Alimwosha kwa beseni lile lile, kwa vitambaa vilivyochemshwa vile vile, akamwambia maneno yale yale: leo ndiyo mwanzo, kesho itakuwa afadhali. Nilitegemea walau amsugue kidogo. Alimkodolea macho kama alivyonikodolea mimi, na yule mwanamke alipokunja jicho, aliacha. Siku iliyofuata miguu yangu iliuma, nikakaa mwisho kabisa wa benchi. Tulikaa hivyo majuma mawili. Hatukuwa marafiki na hakuniomba msamaha, isipokuwa siku moja, akitazama mbele, aliniambia kwamba tangu utotoni anaogopa sana sindano. Sikujua nicheke au nimpige. Sijui mpaka leo.

Miezi mitatu ilipotimia Dresa alipanda basi nasi kwenda Mbeya. Walikuwepo wanawake wanne wengine kutoka kwenye ile orodha, kila mmoja amekaa kiti chake kama hamjui mwenzake. Wengine walikataa kuja. Nilipotoka kwenye chumba cha majibu mama alinisoma usoni, akakaa sakafuni kwenye korido na kumshukuru Mungu. Nilimwambia Dresa kwamba damu yangu ni salama. Akasema ndaga, yeye safari hii, kisha akanigeuza kichwa aone nyuma ya sikio mahali palipokuwa pakibanduka. Mmoja wa wale walioandikwa kabla yangu alifariki miaka michache baadaye. Sijui ni ugonjwa gani, wala kama aliupata kabla ya saluni au baada, au haukuhusiana kabisa. Majina yale bado ninayakumbuka kwa mpangilio wake.

Uso wangu ulirudi. Mashavu yana weusi kidogo ambao asiyenijua haoni, na makovu ya chunusi yapo vilevile. Niliolewa na mwalimu aliyenikuta hivyo, tukahamia Mbeya. Kwa Dresa nilikuwa nikipita kila niliposhuka Kyela, nikiwa na sukari, mpaka watoto walipozidi na safari zikapungua.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa Itungi, bandari yetu ya ziwani. Baba alikuwa amefariki, nilishuka kwa ajili ya arobaini, na siku iliyofuata nilimsindikiza shangazi aliyekuwa akirudi Mbamba Bay kwa meli. Nilimkuta Dresa kwenye foleni ya abiria. Amevaa koti, nguo ambayo hakuna mtu mwenye akili anaivaa Itungi kwa joto lile, na sanduku la mbao miguuni. Alikuwa amezeeka kuliko nilivyotegemea. Alinitazama shavu la kushoto, halafu la kulia, ndipo akaniitikia shikamoo.

Nilimuuliza anakwenda wapi. Akataja kijiji kimoja cha ng'ambo, kabla ya kufika Mbamba Bay.

"Una ndugu huko?"

"Mke wangu," akasema.

Nilidhani nimesikia vibaya. Miaka yote ile, katika benchi lile, hakuna aliyewahi kusikia habari ya mke. Alinieleza akiwa anatazama maji. Mabaka yalipomtokea alikuwa kijana, ana mke na mtoto wa kiume anayeanza kutambaa. Wakati ule nyumba yenye ukoma ilitengwa yote, mke na mtoto na mbuzi. Akaondoka mwenyewe kabla watu hawajaona. Baada ya mwaka alimtuma mtu aende akaseme kwamba amekufa huko alikokwenda, ili mwanamke awe huru, aolewe. Na watu wakamfanyia matanga.

"Hakuolewa," alisema. Mfanyabiashara mmoja wa kule alikuwa amefika Ipyana kununua kakao, wakazungumza mawili matatu, na katika kutaja watu wa kijiji chake akamtaja mama mmoja mjane, yuko kwenye nyumba ile ile, na mwanawe mvuvi. Dresa alimaliza kumuuzia kakao, akaenda ndani, akakaa.

Mtu huyu aliyewazungukia wanawake kumi kwa baiskeli ili wajue ukweli wa damu zao alikuwa amemwacha mke wake mwenyewe amlilie akiwa hai. Nadhani aliliona hilo usoni kwangu, maana hakuna alichokijua kusoma kama uso.

"Anajua kwamba unakuja?"

"Hapana. Ningemwambia nini kwa barua?"

"Na wakikufukuza, Dresa?"

"Meli inarudi Ijumaa," akasema, akainua sanduku lake.

Alipanda na shangazi yangu. Nilimwona juu ya sitaha akitafuta kivuli, kisha nikampoteza kati ya magunia na watu.

Nilitakiwa kurudi Mbeya Jumatano. Nilimpigia mume wangu simu kutoka posta, nikamwambia nina shughuli haijaisha. Ijumaa nilikwenda Itungi asubuhi mapema mno, nikakaa kwenye gogo na mwavuli wangu. Kichwani nilikuwa nimeshapanga nitamwambia nini akishuka amefukuzwa, nitamchukuaje nyumbani kwetu, mama atampa chumba gani. Meli ilifika mchana. Walishuka wanawake wenye watoto, wakashuka wafanyabiashara, wakashuka askari wawili na mgonjwa aliyebebwa kwenye kitanda cha kamba. Kwa kila mwenye koti nilisimama. Vikashuka vyungu vya Wakisi vilivyofungwa kwenye majani, likashuka gunia la mwisho la dagaa. Nilimfuata baharia aliyekuwa akianza kumwaga maji kwenye sitaha, nikamuuliza kama kuna mzee amebaki ndani, labda amelala.

Alisema hakuna mtu, meli ni tupu.

Nilimwomba akaangalie tena. Akaenda, akarudi, akatikisa kichwa. Niliondoka bandarini kwa miguu, mwavuli mkononi, jua likinichoma usoni, na watu wa barabarani wakinishangaa ninavyocheka na kulia. Sijawahi kufurahi hivyo kwa kumkosa mtu.